Siku Tisa za Kufikiria

Kadi yenyewe niliiokota chini ya kitanda, katika hoteli moja ya Dubai ambako nilisafisha vyumba kwa miaka minne. Mgeni alikuwa ameondoka asubuhi hiyo. Ilikuwa kubwa kuliko karata za kawaida, na haikuwa na kopa wala shupaza. Ilikuwa na picha ya mwanamke aliyeketi kwenye benchi la mawe, gauni jeupe, macho yamefungwa kitambaa, mikono ameipishanisha kifuani, na kila mkono umeshika upanga mrefu. Nyuma yake kulikuwa na bahari tulivu yenye miamba, na juu mwezi mwembamba. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba huyu ni mlinzi aliyelala zamuni, na msimamizi akimkuta atamwandikia barua ya onyo.

Kawaida ya hoteli ni kwamba ukiokota kitu cha mgeni, hata kama ni kitana kilichong'oka meno, unakipeleka kwa msimamizi. Anakiandika kwenye daftari, kinatiwa kwenye mfuko wa nailoni na kufungiwa stoo. Miezi mitatu ikipita bila mwenyewe kukiulizia, kinakuwa chako wewe uliyekiokota, na unapewa karatasi ya kukupitisha nacho getini. Kwa njia hiyo nilikuwa nimeshapata mwavuli, chaja mbili na kitabu cha mapishi cha Kijerumani. Msimamizi alipoiona ile kadi alikunja uso. Mambo ya ramli yamekatazwa na sheria katika nchi ile, na hakutaka neno hilo liingie kwenye daftari lake. Aliandika: kadi moja ya kuchezea.

Aliyenieleza maana yake ni dada mmoja Mfilipino, mwenzangu wa kusukuma toroli la mashuka. Shangazi yake huko kwao alikuwa akiwasomea watu kadi kama hizo. Alisema hiyo ni ya Panga Mbili, na kwamba watu huiogopa bure kwa sababu haitabiri kifo wala msiba.

"Huyu ni mtu anayetakiwa kuchagua," alisema, "na hataki."

"Nani amemfunga macho?"

"Hakuna. Amejifunga mwenyewe."

Akaniambia niitazame mikono. Ili afungue kitambaa lazima kwanza auweke chini upanga mmoja, na hapo ndipo penye ugumu, maana akiuweka mmoja atakuwa ameshachagua. Kwa hiyo anakaa navyo vyote, panga na kitambaa. Bahari ile ya nyuma, alisema, ni mambo ya moyoni, na yeye ameyapa mgongo. Nilicheka, nikamwambia kwetu tunasema njia mbili zilimshinda fisi. Nilicheka vizuri kabisa, na huku simu yangu iko kwenye kabati la wafanyakazi ghorofa ya chini, ikiwa na swali la tangu jana ambalo sikuwa nimelijibu.

Swali lilihusu kidole cha baba. Baba alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi. Alijikwaa kwenye jembe shambani, kidole gumba cha mguu wa kushoto kikapata kidonda, na kidonda kikageuka cheusi. Daktari alisema kikatwe upesi pamoja na kinachofuata, kabla ubaya haujapanda. Mama alitaka kikatwe. Baba mdogo hakutaka. Alisema mtu akianza kukatwa hakatwi mara moja, akahesabu majirani waliopelekwa kukatwa kidole wakarudi ndani ya sanduku. Jumatatu mchana, nikiwa nimeketi kantini na sahani ya wali, mdogo wangu wa kiume akanipigia.

"Sista, daktari anangoja jibu. Tumwambie nini?"

Mtu wa mbali atauliza kwa nini waniulize mimi, niliye saa tano za ndege, ninayejua kutandika vitanda. Ni kwa sababu kwetu anayetuma pesa ndiye anayesema. Halijaandikwa popote, lakini kila mtu analijua. Tangu niende Dubai, rangi ya ukuta ilingoja neno langu, posa ya dada yangu ilingoja neno langu, na hata ndama hakupewa jirani mpaka mimi niulizwe. Na nilipenda, nakiri. Nyumbani nilikotoka nikiwa msichana wa kutumwa maji, sasa mazungumzo ya wazee yalikatizwa ili nipigiwe. Kumbe heshima ya namna hiyo ina siku yake ya kukudai.

Baba mwenyewe hakuwa mtu wa kungoja. Ujanani alikuwa refa wa mechi za mtaani, na bado watu husimulia jinsi alivyotoa penalti dhidi ya timu ya kijiji chake mwenyewe, dakika za mwisho, watu wameshika mawe, halafu akatembea hadi nyumbani bila kuharakisha. Mimi sikuirithi damu hiyo. Mimi ni mtu wa kusimama mbele ya sufuria za kantini nikiwaza wali au tambi mpaka walio nyuma yangu waanze kunung'unika. Siku ile ya Jumatatu sikuuliza baba anasemaje. Sijui kwa nini, na nimejiuliza mara nyingi. Nilisema tu, "Nipeni kidogo nifikirie."

Hofu yangu ilikuwa nyepesi kueleza. Nikisema akatwe na afe mezani, nimemuua. Nikisema asikatwe na kidole kimmalize, nimemuua. Kila upande kulikuwa na kaburi na jina langu likitajwa kando yake. Nikaona bora nisiseme, kana kwamba kutosema ni mahali pa tatu ambapo mtu anaweza kujificha.

Mdogo wangu alikuwa ametuma picha ya mguu kwenye kundi la familia. Simu yangu nilikuwa nimeiweka isipakue picha mpaka niibonyeze, ili bando lisiishe. Kwa hiyo picha ilikuja ikiwa ukungu: doa la kahawia, doa jeusi, weupe wa shuka, na mshale mdogo katikati unaokuambia ubonyeze. Sikuubonyeza. Nilipita juu yake Jumatatu, nikapita Jumanne. Jumatano asubuhi tulikuwa tunakunywa chai katika chumba chetu cha mtaa wa Satwa, ambako tulilala wanawake sita juu ya duka la fundi cherehani. Aliyelala kitanda cha juu yangu, Mganda aliyekuwa mlinzi katika duka moja kubwa, akachungulia juu ya bega langu akaiona.

"Dada, hiyo picha hujafungua?"

"Ni mguu wa baba."

"Nikufungulie? Mimi nitazame, wewe nikuambie tu."

"Wacha. Network leo ni mbaya."

Yeye na mimi tulitumia mtandao uleule, na simu yake wakati huo ilikuwa inacheza video. Alilisukuma bakuli la maandazi upande wangu, akaenda kuvaa sare.

Alhamisi mama aliandika kwenye kundi maneno matatu, ngojangoja huumiza matumbo, na mama si mtu wa kuandika. Baba mdogo naye akajibu kwamba haraka haraka haina baraka, acheni mtoto afikirie. Nilimshukuru baba mdogo moyoni. Kisha akaongeza kwamba huko kwa Waarabu kuna habasoda ya asili, siyo hii ya kuchakachuliwa, na inatibu sukari, basi nitume. Sijui kama mnanielewa nikisema nilifurahi. Hatimaye kulikuwa na jambo ninaloweza kufanya bila kuchagua.

Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, maduka yalipofunguliwa baada ya swala, nilivuka kwa boti hadi Al Ras, kwenye maduka ya viungo. Nilizunguka kati ya magunia ya iliki na malimau makavu kwa muda wa saa mbili. Nilinusa habasoda ya kila duka. Mwenye duka mmoja, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniuliza ni ya nani. Nikamwambia ya baba, ana sukari. "Sister, hii na asali, khalas, sukari kwisha, inshallah," akasema, akanijazia. Nikanunua na ubani, na mafuta ya kukandia mguu. Kukandia. Mguu ambao sikuwa nimeutazama hata picha yake. Nilimpa mzigo Mkenya mwenzangu mmoja aliyekuwa anasafiri Jumapili, nikapiga picha ule mfuko, nikaituma kwenye kundi. Picha yangu wote waliifungua. Ndugu wakaweka mikono ya kushukuru, na mimi nikalala nikijiona nimefanya jambo.

Daktari alikuwa bado anangoja jibu. Mdogo wangu aliniuliza Jumamosi, nikamwambia nafikiria. Aliniuliza Jumapili, nikamwambia nafikiria na naomba. Jumatatu hakuniuliza. Jumanne, siku ya tisa, nilipanda kantini saa sita nikakuta amenipigia mara saba, nami nikampigia. Alipopokea sauti yake ilikuwa ya upole kuliko kawaida, na hapo nikajua.

"Wamempeleka theatre asubuhi. Daktari alisema hangoji mtu tena."

"Kidole?"

"Juu ya goti, sista."

Nilikwenda chooni, nikafunga mlango, na ndipo nikaubonyeza ule mshale. Picha ilifunguka kwa muda usiozidi kupepesa jicho. Ilikuwa picha ya siku ile ya kwanza, na ni kidole tu. Kidole kimoja cheusi na kingine kimeanza, na mguu uliobaki mzima kabisa, mguu wa baba, wenye ile alama ya njumu kwenye muundi, ya enzi zake za urefa. Mtoto wa darasa la pili angetazama ile picha akasema kateni. Nililia, lakini nitasema ukweli: katikati ya kilio kulikuwa na kitu kama kupumua, kwa sababu mtu mwingine alikuwa ameamua. Hilo ndilo linalonitia haya kuliko yote.

Mzigo wa habasoda ulifika nyumbani siku tatu baadaye. Mama aliuweka juu ya kabati.

Miezi mitatu ilipotimia, msimamizi aliniita stoo, akanikabidhi kadi yangu na karatasi ya getini, nikatia sahihi. Niliitazama vizuri kwenye basi la wafanyakazi. Sasa nilikuwa na ugomvi na aliyeichora. Yule dada Mfilipino alikuwa sawa kuhusu kitambaa na kuhusu mikono. Lakini mchoraji alifanya bahari ile kuwa tulivu, na mwezi ukasimama pale pale, kama kwamba mtu anaweza kukaa na panga zake mbili mpaka atakapokuwa tayari, na dunia nayo imkalie kimya. Maji yamejaa hadi wapi, hakuna anayejua, maana aliyeyapa mgongo haoni. Na hakumchora anayengoja. Kila asiyeamua ana mtu anayemngojea mahali, kwenye kitanda cha chuma, shuka limefunuliwa miguuni. Mtu huyo hayumo kwenye kadi. Niliiacha kwenye kiti cha basi niliposhuka, na kama mwingine aliiokota, ni yake.

Likizo yangu ilifika mwaka uliofuata. Nilimkuta baba nje kwenye kiti cha plastiki, mguu wa suruali umekunjwa na kupigwa pini. Alifurahi kuniona mpaka nikashindwa kumtazama usoni. Siku mbili nzima nilimzunguka nikimpa chai asiyoiomba. Siku ya tatu, mama akiwa jikoni anachambua mboga, nikaketi kando yake nikamuuliza.

"Baba, siku ile ya kwanza, wewe mwenyewe ulitaka nini?"

"Mimi?" Alishangaa kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Nilitaka wakate. Nilimwambia mama yako palepale. Kidole si mguu."

"Sasa mbona hukumwambia daktari?"

"Ningekuruka aje? Wewe ndiye umebeba hii nyumba. Ningeamua peke yangu, watu wangesema neno lako ni la bure. Nikasema tumngoje."

Kuku alipita kati yetu, baba akamfukuza kwa gongo lake, taratibu, bila hasira.

"Na sikuwa na wasiwasi," akaendelea. "Kila aliyekuja kuniona nilimwambia, huyo amechelewa kwa sababu anauliza madaktari wakubwa wa Dubai. Hawezi kukaa kimya bure, namjua. Uliwauliza, si ndiyo?"

Siku tisa niliwaambia nafikiria. Sikuwa nimefikiria hata dakika moja. Nilikuwa nimekimbia kufikiria, kila siku, kama mtu anayekwepa jirani njiani, na sasa mwenye mguu alikuwa ameketi mbele yangu akiwa amenitungia sababu nzuri kuliko yoyote niliyowahi kujitungia mwenyewe.

"Ndiyo, baba," nikajibu, upesi, bila kusita hata kidogo. "Niliwauliza wawili."

"Walisemaje?"

"Walisema tungoje."

Akaitikia kwa kichwa, uso wake ukatulia. Kisha akamwita mama kwa sauti atoke jikoni aje asikie, na ikabidi niseme tena.