Pamba Tulizochomeka Masikioni

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakasirika upya. Nilikuwa kijana, naendesha mtambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kule upande wa Usagara. Kelele za mle ndani zilikuwa si mchezo. Ukitaka kusema na mwenzako unambandikia mdomo sikioni, na bado anauliza umesema nini.

Kinga za masikio zilikuwepo. Msimamizi alizifungia kabatini, akazitoa siku ya wakaguzi tu, na gari lao likishatoka getini anazikusanya. Ubaya gani huo! Lakini na sisi hatukuzidai. Tulikuwa na dawa yetu: unaokota pamba sakafuni, unaisokota, unachomeka masikioni, unaendelea na kazi. Pamba imejaa kiwanda kizima, kinga za nini? Tulijiona wajanja, kumbe wajinga watupu.

Mzee Bundala, fundi wetu wa mitambo, masikio yake yalishaharibikia kwenye kazi hiyo hiyo. Siku hiyo, wakati wa chakula, alinishika bega akaichomoa ile pamba sikioni mwangu.

"Hii inazuia vumbi," akasema. "Kelele inapita. Mimi nilichomeka hivi hivi miaka yote. Nenda kadai kinga, kijana wangu."

Niliwageukia wenzangu nikasema, "Kiziwi naye anatufundisha kusikia." Wakacheka sana. Mzee hakusikia neno, ila meno yetu aliyaona. Akaniwekea pamba yangu kiganjani, akaenda kula peke yake. Amekufa sijamwomba radhi.

Haikupita miaka mingi, mluzi ukanianza masikioni. Haunyamazi, hata sasa naongea nawe unalia. Daktari aliniambia wazi kwamba kilichokufa mle ndani hakifufuki. Basi nikawa mtu wa kuitikia "ndiyo" kwa nisichokisikia, maana niliona aibu kuitwa kiziwi.

Halafu mke wangu, Mama Neema, akaugua. Alasiri moja, hapa hapa nyumbani Buswelu, alinivuta mkono akaanza kuniambia jambo. Sauti ilikuwa imemwishia. Nikainama mpaka midomo yake ikanigusa sikio, nikasikia mluzi tu. Nikamwambia, "Ndiyo, Mama Neema, nimekuelewa." Akatulia, akafumba macho, na hakusema tena. Mpaka leo sijui nilimkubalia nini. Inawezekana ni ahadi, na ninaivunja kila siku.

Sasa wewe unashinda na grenda hapo Igoma, unakata vyuma kutwa, masikio wazi. Unanitia hasira, nakwambia kweli. Pamba si kinga, na hivyo vya kusikilizia muziki si kinga. Usiwashe mashine kabla hujavaa kinga yenyewe. Bosi akisema zipo kabatini, mwambie afungue. Ukirudi nyumbani masikio yanalia, usisingizie uchovu, nenda hospitali yakapimwe. Na usipomsikia mtu, sema hujasikia, arudie. Aibu yake ni ya dakika moja.

Mungu akutunzie masikio yako, mwanangu. Na wako wa moyoni atakapokunong'oneza neno lake la mwisho, akujalie ulisikie lote.