Zamu ya Mama Pickering

Upatu wetu ulikuwa na sheria moja ambayo sikuruhusu mtu aibishie: kuitika. Unaitwa, unajibu "Nipo," ndipo unaweka bahasha yako kikapuni. Bahasha isiyo na sauti sikuipokea, hata iwe ya nani. Sheria hiyo nilitoka nayo Tanga, kwa mama yangu, aliyekuwa kijumbe wa upatu mtaani kwetu. Yeye ndiye aliyekusanya michango ya wenzake na kumkabidhi mwenye zamu. Nilipomuuliza kwa nini lazima mtu aitike wakati anamwona pale mbele yake, aliniambia nikaoshe vyombo. Basi na mimi sikuwahi kumweleza mtu sababu yake, maana sikuijua.

Nilikuwa nikikaa Downsview, Toronto, ghorofa ya tisa, katika jengo linalotazamana na mabohari. Siku za kazi malori yalinguruma mpaka vikombe vikacheza kabatini. Jumapili mabohari yalifungwa, na kimya chake sikukipenda. Unasikia mabomba ya kupashia nyumba joto yakigonga ukutani, unasikia lifti ikipanda, ikisimama ghorofani kwenu, mlango wake ukifunguka na kujifunga, halafu husikii hatua ya mtu. Jumapili ya kwanza ya mwezi ndiyo tuliyokutana, kwangu, mchana.

Tulikuwa akina mama sita, wote wa Tanzania, na upatu wetu ulikuwa wa ada. Wengine hucheza wapate friji au nauli ya kwenda nyumbani; sisi tulicheza watoto waende chuo kikuu. Mtoto wa nani anamaliza sekondari mwaka huu? Basi mama yake ndiye anayechukua michango ya mwaka mzima, mwezi wa nane. Benki nao walikuwa na akiba yao ya elimu, ambayo serikali huiongezea kidogo, na baadhi yetu tulifungua. Lakini benki haikuiti jina. Usipoweka mwezi huu hakuna anayekukodolea macho, na sisi tulijijua.

Tuliitana kwa mahali tunapoishi. Mama Mississauga alikuwa Mhindi wa Upanga, mwenye gari zuri na ulimi mkali, na Kiswahili cha Dar kilichonishinda mimi wa Tanga kwa mafumbo. Mama Pickering alikuja kwa treni na basi, na alichelewa kila mwezi. Nikifika kwenye jina lake, jibu lilitoka koridoni kabla hajaonekana, akiwa bado anahangaika kuvua buti. "Nipoooo!" Sauti nzito yenye mkwaruzo, ikivutwa mwishoni kama ya mtu aliyeitwa akiwa bafuni. Tulicheka kila mwezi, na kila mwezi nilimwambia nitamfuta.

Nyuma yake aliingia binti yake wa pekee, waya za simu masikioni. Mama yake alimgusa ubavuni atuamkie. Binti alisema "hi," kisha akaenda kukaa sakafuni karibu na mlango. Alikielewa Kiswahili chetu chote, pamoja na umbea, lakini sikuwahi kumsikia akijibu ila kwa Kiingereza. Mama yake alimlea peke yake, na kwa kuwa huyo ndiye aliyekuwa mdogo kuliko watoto wetu wote, zamu yao ilikuwa ya mwisho. Mama Pickering aliweka mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya watoto wa wenzake. Mwanangu alikwenda kusomea uuguzi kwa michango hiyo. Yeye alingoja.

Binti alipokuwa darasa la kumi na moja, limebaki moja tu amalize sekondari, mama yake aliugua, na ugonjwa haukumpa nafasi. Tulimzika mwezi wa pili. Udongo ulikuwa umeganda, na mabonge yake yaligonga jeneza kama mtu anayebisha hodi. Sikulia. Upepo ulikuwa unakata masikio na nilikuwa na zamu ya kupakia mikate saa nane mchana. Wenzangu nao walikuwa hivyo hivyo, kila mmoja akitazama saa yake na kuona aibu.

Mama Mississauga ndiye aliyenirudisha na gari lake. Hatujafika hata barabara kuu akauliza.

"Kijumbe, na zamu yake?"

"Tutaona."

"Unajua sheria yako mwenyewe. Ukimwita mtu mara tatu haitiki, anafutwa. Alichoweka tutamrudishia binti kidogo kidogo, tukijaliwa. Maiti hachezi upatu, dada."

Nilichukia, lakini hakusema uongo. Alichoweka marehemu kilikwisha kuliwa na vyuo vya watoto wetu. Kidogo kidogo maana yake ni miaka, na chuo hakimngoji mtu miaka. Binti sasa alikuwa chini ya mama yake mdogo, msafisha ofisi mwenye watoto watatu wa kwake. Nikilifuta jina la mama yake, msichana yule hasomi. Sikuona njia nyingine, wala wenzangu hawakuiona.

Jumapili ya mwezi wa tatu tulikaa watano. Kiti cha Mama Pickering, kile cha karibu na dirisha, hakuna aliyekikalia, na mto wake ulikuwa bado umebonyea katikati. Nje theluji ilikuwa imekuwa tope la kijivu. Nilianza kuita. Nilikuwa nimepanga kuliruka jina lake siku hiyo, tumpe msiba heshima yake, lakini mdomo una mazoea yake. Nikaliita.

"Nipoooo!"

Ilitoka koridoni, nzito, ina mkwaruzo, imevutwa mwishoni.

Mwenzetu mmoja alimwaga chai mapajani na hakupiga kelele. Mama Mississauga alinishika kifundo cha mkono, kucha zikaniingia. Hakuna aliyeinuka. Bomba likagonga ukutani, likanyamaza. Ndipo tukasikia lifti ikipanda. Ikasimama, mlango ukafunguka, tukasikia hatua, nzito, za buti, zikija polepole mpaka mlangoni kwangu.

Aliyeingia alikuwa binti. Alivaa koti la mama yake na zile buti za zambarau zenye zipu mbovu, akainama kuzivua, akahangaika nazo vilevile. Waya za simu hakuwa nazo. Akatembea na soksi mpaka kwenye kikapu, akaweka bahasha, mshahara wake wa duka la donati anakofanya kazi Jumamosi. Kisha akakaa kwenye kiti cha dirishani.

Mama Mississauga alinitazama mimi, nami nikatazama kikapu. Jina limeitwa na jina limeitikiwa, sote tumesikia. Nikasema "Nimepokea."

Tangu siku hiyo binti hakukosa hata mwezi. Niliita jina la mama yake, na jina likaitikiwa, kwa sauti ile ile, sasa kutoka kitini. Hakuna kati yetu anayeweza kuapa kwamba aliiona midomo ya binti ikitembea, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumtazama. Sote tulikuwa na shughuli na vikombe vyetu.

Mengine yalikuja taratibu. Mwezi wa tano alionja chai yangu na kusema, kwa Kiswahili, kwamba tangawizi nimeionea huruma. Hayo yalikuwa maneno ya mama yake. Mwezi wa saba alivuta pazia akisema jua la Canada lina kiherehere. Mwezi wa tisa, Mama Mississauga akiwa anatia kijiko cha tatu, binti alimwambia bila kugeuka, "Shoga, punguza sukari, miguu itavimba." Mtoto wa miaka kumi na saba anamwita shoga mwanamke wa makamo! Mama Mississauga alikiweka kijiko chini na hakukigusa tena siku hiyo.

Nitasema ukweli, kwanza nilifurahi. Sote tulikuwa tumelea watoto wanaotujibu kwa Kiingereza, na huyu Kiswahili kilimtoka kama maji. Kisha niliogopa, kwa kuwa nilikijua Kiswahili kile ni cha nani. Kicheko chake kilipotea. Alifunga kilemba cha mama yake, alikaa na mkono shavuni kama mama yake, na jioni alipoondoka mto wa kiti ulibaki umebonyea pale pale pa zamani.

Mama Mississauga alinifuata jikoni.

"Acha kuita, Kijumbe. This is too much sasa. Mtoto anakwisha, na marehemu tunamfuga humu ndani."

"Nikiacha kuita, anafutwa."

"Basi badilisha sheria!"

"Nibadilishe leo kwa huyu, kesho kila mtu ataniletea bahasha kimya kimya. Utakuwa upatu huo?"

"Una kichwa kigumu wewe."

"Ndiyo maana fedha zenu hazijapotea."

Tulinuniana mpaka Krismasi. Lakini maneno yake yalinikaa kooni. Mwezi wa kwanza nilimsindikiza binti kituo cha basi, tukipita kando ya mabohari yaliyofungwa, barafu ikilia chini ya viatu. Nikapiga moyo konde, nikamuuliza: yule anayeitika ni nani?

Alinijibu kwa Kiingereza. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtoto wa shule wa Toronto, na kusikia Kiingereza chake baada ya miezi yote ile nilitaka kumbusu. Alisema ni yeye. Hospitali, siku za mwisho, mama yake alimfundisha. Wakiita jina langu, alimwambia, itika. Usipoitika tutafutwa, yule Kijumbe hana mchezo, na chuo utakisikia kwa wenzako. Mama akawa anaita jina lake mwenyewe kwa pumzi ya shida, binti anaitika, mama anamsahihisha. Si hivyo, nzito kidogo. Vuta mwisho. Tena. Wauguzi walidhani ni wimbo wa kwao. Mpaka siku moja mama yake aliita, akaitikiwa, akafumba macho akasema, hapo sawa, hapo hata mimi nimejisikia.

"Na hayo mengine? Tangawizi, pazia?"

Alisema hajui. Akishaitika, mengine yanakuja yenyewe, na mpaka afike Pickering ndipo yanamtoka. Siku hizi hayatoki yote.

Nilimshika mkono ndani ya mfuko wa koti la mama yake. Angalau, nilimwambia, kumbe siku zote ni wewe, na sisi watu wazima tumekaa tunaogopa kivuli.

"Siku zote ni mimi," alisema, "isipokuwa ile ya kwanza."

Ile ya kwanza basi lilichelewa. Alikuwa bado ndani ya lifti, anahesabu ghorofa, anajua nimekwisha kulipita jina na wamefutwa. Alipoingia alitukuta tumekodoa macho, nami nikasema nimepokea. Karibu mwaka mzima alitaka kuniuliza.

"Auntie," alisema, safari hii kwa Kiswahili, chake mwenyewe, cha kuokoteza. "Nani aliitika?"

Basi likaja, milango ikafunguka, akapanda. Nilirudi nyumbani kwa ngazi, ghorofa zote tisa, kwa kuwa lifti sikuitaka.

Mwezi wa nane ulifika. Alikuwa amepata nafasi chuo kikuu, na siku ya kukabidhiwa walikuja wote, hata Mama Mississauga, na sambusa za kujaza meza. Madirisha yalikuwa wazi kwa joto, lakini mabohari yalikuwa kimya chao cha Jumapili. Kwa desturi yetu mwenye zamu anaitwa wa mwisho, naye huitika ndipo akabidhiwe. Binti alikaa kwenye kiti cha mama yake, kilemba kichwani, mikono magotini.

Nikaliita jina.

Nilidhani hakusikia. Nikaliita mara ya pili, na Mama Mississauga, yeye aliyenikataza nisiite, akanong'ona, "Itika, mwanangu, itika." Binti alikuwa anatazama mlango wa koridoni. Sote tukatazama huko. Lifti ilipanda, ikasimama ghorofani kwetu, mlango ukafunguka. Ukajifunga. Hatukusikia hatua.

Nilikuwa nalia ndani kwa ndani, kwa kuwa mara ya tatu ndiyo ya mwisho na sheria ni yangu. Nikaita.

Binti alifungua kilemba, akakikunja, akakiweka juu ya mto wa kile kiti, akasimama kando yake.

"Hayupo," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, lafudhi ya Toronto tupu. "Mama hayupo, Auntie. Nipo mimi."

Sijawahi kuitikiwa hivyo, wala sidhani mama yangu aliwahi. Nikasema nimepokea. Nikamkabidhi kikapu chote. Nyuma yangu Mama Mississauga akaangua kilio, akaketi sakafuni, sote tukamfuata. Tulimlilia Mama Pickering siku ile, mwaka na nusu baada ya kumzika, mpaka jirani wa mlango wa pili akaja kugonga kuuliza nani amekufa.