Fulana Yenye Picha ya Mama

Ndugu yangu mkubwa anacheza mpira Nakuru, kwenye timu ya ligi, na analipwa kwa kucheza. Mimi niliishia darasa la nane nikabaki nyumbani Kabazi na mama. Nasema hivyo mapema ili ieleweke kwamba mama alipopatikana na kansa ya titi, hakuna aliyeuliza nani angemuuguza.

Nilimuuguza mimi. Siku za dawa tulitoka nyumbani alfajiri kwenda hospitali ya mjini, na tuliporudi nilimshikia karai akitapika. Nilimpikia uji wa wimbi, mwembamba, kwa sababu ndio pekee ulikubali kukaa tumboni. Nywele zilipoanza kubaki kwenye mto, akaniambia nizimalize. Nilimkalisha kwenye kigoda nyuma ya jikoni nikamnyoa kwa wembe, polepole, maana ngozi ya kichwa chake ilikuwa imelainika kama ya mtoto mchanga. Siku hiyo ndugu yangu alikuwa amekuja kutuona. Alishika wembe, akauweka chini, akaenda kando ya zizi akapiga danadana mpaka tulipomaliza. Mama akasema tumwache, kwamba huyo hajui kukaa. Mimi kwa mdomo nilimwacha.

Lakini watu walionipata njiani hawakuniuliza nimeshindaje na mgonjwa. Waliuliza kijana wetu atacheza lini, na kama ni kweli alifunga bao kwa kichwa. Nilijibu wote. Nilikuwa najua mabao yake kuliko yeye mwenyewe, na kila moja lilinikaa kooni.

Mwezi wa kumi ukafika, na ligi ikatenga wiki moja ya kuhamasisha watu kuhusu kansa. Timu zingevaa jezi za pinki, na pale uwanjani manesi wangewafundisha akina mama kujipima. Ndugu yangu alipiga simu Jumatatu nikiwa shambani napalilia viazi. Alisema wachezaji wote watanyoa vipara Jumatano, kwa heshima ya wagonjwa waliopoteza nywele, na kwamba picha zitatoka. Yeye alikuwa na rasta tangu amalize shule, na shosho, mama yake mama, humwambia kila Krismasi kwamba zitatoka siku atakapofiwa. Kwa hiyo aliniomba niwaambie shosho na kina mama wa kanisa mapema, wasije wakashtuka. Nikasema sawa. Ndipo akaongeza kwamba Jumamosi, kabla ya mechi, kila mgonjwa ataingia uwanjani ameshikwa mkono na mtu aliyemuuguza.

"Nimeandika jina langu," akasema. "Wewe si unaogopa watu, sista."

Ni kweli naogopa watu. Hata dukani hungoja wateja waishe ndipo niseme ninachotaka. Lakini hakuwa ameniuliza. Nilirudi kwenye jembe nikakata shina zima la kiazi, nikalifukia ili mama asilione.

Sikumwambia mtu yeyote. Nilitaka shosho ashtuke kidogo tu, amgombeze kwa simu, hata kama ni mara moja tu mtu amkasirikie yeye. Hayo ndiyo niliyokuwa nimewaza, na sikuwaza zaidi.

Kumbe kulikuwa na fulana. Klabu ilimchapishia kila mchezaji fulana ya pinki yenye picha ya mgonjwa wake kifuani. Nafikiri waliofanya hivyo walikuwa na nia njema. Lakini kwetu, mtu huchapishwa kwenye fulana akishakufa. Familia huzivaa kufuata jeneza, na mwaka ukiisha zinakuwa nguo za shamba. Jumatano jioni picha ikaanza kuzunguka kwenye simu za Kabazi: ndugu yangu bila rasta, kichwa kimeinama, na mama akitabasamu kifuani mwake.

Alhamisi asubuhi mama alikuwa kibarazani akichagua maharagwe, na mimi nilikuwa nimebeba maji. Kina mama wa kanisa wakatokea kwenye njia ya juu, wamejifunga leso, wamebeba sukari, unga na mzigo wa kuni. Walikuwa wakiimba chini chini. Mama aliwaona kabla hawajamwona. Akaweka ungo chini, akaniambia nimletee leso yake haraka, kwa kuwa kuna matanga na yeye hakuambiwa. Akawaendea mpaka kwenye lango.

"Nani ametuacha?" akauliza.

Wimbo ukakatika. Aliyekuwa na kuni aliziachia zikamwangukia miguuni. Wakatazamana, mpaka mwenyekiti wao, mama mnene asiyejua kuficha neno, akasema, "Ni wewe."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Nao wakaanza kucheka na kulia pamoja, wakamgusa mikono na mashavu, mmoja akisema marehemu huyu ana joto. Wakapika chai kwa sukari ya msiba wake, naye akanywa vikombe viwili. Mwenyekiti akamwambia kwamba sasa ana deni la kufa, maana sukari imeliwa. Mama akajibu wangoje foleni. Kisha akaomba kuiona ile picha. Aliishika simu kwa muda mrefu, na hapo hakucheka.

Walipoondoka alinifuata jikoni.

"Hakukuambia?"

"Aliniambia."

Akakaa kwenye kigoda. Nilikuwa natazama moto. Nilimwambia kila kitu, hata shina la kiazi, na sauti yangu ilikuwa ndogo hivi kwamba aliniambia nirudie.

"Wivu wako ungeniua kabla ya kansa," akasema mama. Si kwa hasira. Ilikuwa kana kwamba anapima kitu mkononi.

Ndugu yangu akapiga simu mchana. Shosho alikuwa amempigia akilia, na sasa alitaka kujua kama nilipeleka ujumbe. Mama akaichukua simu mkononi mwangu na kumwambia kwamba ujumbe ulifika, ila yeye, mama, ndiye aliyesahau kuwaambia shosho na kina mama. Akakata simu na kunirudishia, na jambo hilo hatujalizungumzia tena. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenichapa.

Jumamosi nilikaa kwenye viti vya uwanja nikiwa na mkoba wake mapajani. Mama aliingia na ndugu yangu, mkono kwa mkono, na watu wakasimama. Walipofika katikati, upepo ukavuta kitambaa chake cha kichwa kikalegea. Ndugu yangu akakifunga. Alikifunga vibaya, fundo likakaa juu ya sikio, na bado nilimwonea wivu kwa fundo hilo baya. Mama akatazama kwenye viti mpaka akaniona. Akaniita kwa mkono, waziwazi, uwanja mzima ukiangalia.

Hicho ndicho kitu nilichokuwa nimekitaka wiki nzima. Niliinua mkoba nikafunika uso, na nilipoushusha refa alikuwa amepuliza kipenga na mama alikuwa anatolewa nje ya mstari.

Mechi ilipoisha tulikutana nyuma ya viti. Mama akainamisha kichwa mbele yangu. Nikakifungua kitambaa. Nywele zilikuwa zimeanza kutoka, fupi na laini, na ndugu yangu alipoziona akageuka, akatafuta mpira wa kupiga. Nikakifunga vizuri.

"Huyu anaogopa kichwa changu," mama akasema, "na wewe unaogopa watu. Mmenigawana."

Ile fulana ndugu yangu alimwachia mama, naye huivaa akienda kukamua. Kina mama wakimwona nayo bado humwita marehemu. Wivu wangu haujaisha, nikiiona huwa unanichoma. Lakini mimi ndiye ninayeifua, na nikiianika huigeuza ndani nje, ili jua la Kabazi lisimpaushe uso.