Mzee wangu alishuka melini kwenye kisiwa kisicho chake, nami nikashuka naye

Wakuu, heshima mbele.

Nimerudi kazini juzi tu, mwili bado unauma, ila nimeona niandike hili kabla halijapoa. Sijatia chumvi. Atakayeona refu anivumilie.

Naishi Wheaton, Maryland, kazi yangu kutunza wazee majumbani. Kwa muda mrefu sasa nina mzee mmoja tu, Mgiriki, Mzee Yorgos. Alikuja Marekani kijana, akapika kwenye migahawa ya watu mpaka akafungua wa kwake. Miguu anayo kuliko mimi, ila kumbukumbu zinamtoroka. Asubuhi ananijua vizuri. Jioni ananiuliza nimeingiaje ndani.

Binti yake, Eleni, alitaka mzee amwone dada yake wa mwisho aliyebaki kisiwani Naxos, Ugiriki. Safari ikiwa imeiva, Eleni akateleza kwenye ngazi akavunjika mguu.

Akaniambia, "Sami, please. Mpeleke wewe."

Green card yangu, kile kibali cha ukaazi, ilikuwa imetoka, naweza kusafiri nje na kurudi. Nikakubali.

Kwenda hakukuwa na shida. Dada mtu, bibi mdogo wa umbo, nguo nyeusi juu mpaka chini, alimshika mashavu akalia. Mzee akamtaja kwa jina. Siku zile akawa mtu mwingine kabisa, anacheka, anaagiza samaki.

Shida ilikuwa kurudi.

Upepo ulichafua bahari, meli zikasimamishwa. Kila asubuhi tunabeba mizigo hadi bandarini, bibi anaaga na kulia, tunaambiwa leo hakuna meli, tunarudi nyumbani kwake. Kesho yake tena. Kuaga mara moja kunachosha, sisi tuliaga mpaka machozi yakakauka. Na mzee halali, anazunguka nyumba nzima, kwa hiyo na mimi silali.

Hatimaye meli ikaja. Kwa msiozijua, zile ni kama ghorofa linaloelea. Magari yanaingia kwa nyuma chini, abiria wanakaa juu. Unasafiri saa kadhaa mpaka Piraeus, bandari ya Athens, lakini kwanza inatia nanga kisiwa kingine, Paros.

Nikamketisha mzee dirishani. Nikaenda kwenye foleni ya kahawa, hapo hapo, naiona kofia yake.

Tukafika Paros, spika ikatangaza Kigiriki. Nikageuka. Kofia ipo kitini, mwenyewe hayupo.

Aisee, nilipanic.

Mama mmoja aliyekaa karibu akanyoosha kidole kuelekea ngazini. "He said he is home," akaniambia.

Nikashuka mbio mpaka kwenye magari, moshi, malori, watu na masanduku. Mzee alishatoka. Namwona kule gatini anatembea kama mtu aliyechelewa miadi. Nikasimama kwenye mlango wa chuma, baharia ananipigia filimbi.

"In? Out?"

Begi letu lenye dawa za moyo za mzee limebaki kitini. Pasipoti, simu na pesa kidogo tu ndivyo nilikuwa navyo kiunoni.

Nikatoka. Mlango ukaanza kupanda nyuma yangu, nasikia minyororo.

Nilipomfikia alikuwa anamuuliza kila mpita njia nyumba ya mama yake iko wapi. Watu wanamsikiliza kwa adabu, wanatikisa vichwa.

"Mzee, hii ni Paros. Siyo Naxos."

"Unanifundisha kwetu?"

Akaendelea kutembea. Kisha akasimama, akaangalia kilima, akaangalia maduka. Akakaa kwenye kile chuma wanachofungia kamba za meli na kuanza kulia. "Wameihamisha nyumba," akasema. "Sami, wameihamisha."

Wakuu, nilikuwa sina nguvu hata ya kubishana. Nikakaa chini kwenye zege pembeni yake. Kiingereza kikaniishia, nikawa nasema tu, "Pole baba. Pole sana baba." Hajui Kiswahili, lakini akatulia.

Meli yetu ikatokomea tukiiangalia.

Halafu akanigeukia, macho maangavu, akili imemrudi. "Sami, mama yako yu hai?"

"Yu hai. Yuko Singida."

"Ulimwona lini?"

Nikamwambia sijamwona tangu nimeingia Marekani.

"Then why are you here with me?"

Nikajibu, "Niko kazini, Mzee."

"Kazi," akarudia kwa Kiingereza chake, kama mtu anayetaja ugonjwa aliowahi kuugua.

Basi, tukainuka. Dada mmoja wa ofisi ya tiketi akawasiliana na meli, begi likaonekana, likaachwa Piraeus. Kwenye duka la dawa nikampigia Eleni, kule Maryland hata hakujakucha. Akaongea na mfamasia Kigiriki, mzee akapewa vidonge vyake. Nikangoja nitukanwe.

"Bado umemshika?" Eleni akaniuliza.

"Nimemshika."

"Usimwachie."

Kwenye meli ya mchana sikumwachia. Chooni tulikwenda wote. Mpaka Piraeus mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi, jua linachoma, madereva wa teksi wanatupigia kelele, nami nawaza kitanda tu. Begi tulilikuta.

Jumapili iliyofuata, mezani Wheaton, Eleni akamuuliza, "Baba, Naxos ilikuwaje?"

"Naxos?" Mzee akacheka. "Sijafika tangu ujana wangu. Mtu anipeleke siku moja."

Eleni akaweka uma chini, akaenda jikoni na magongo yake. Mimi nikaendelea kumkatia mzee nyama.

Lakini dada mtu bado anapiga simu, anamsimulia Eleni ziara yote, alichokula, alichosema. Kwa hiyo haikupotea. Imebaki kwa mmoja.

Nilichojifunza ni hicho. Nenda ukamwone mtu wako wakati bado nyote wawili mnajuana. Ukichelewa, mmoja atabeba peke yake.

Jumatatu yake asubuhi nikampigia mama. Akaniambia habari za mvua na mbuzi. Nikamwambia, "Mama, nakuja."

"Lini?"

Nikamtajia mwezi. Nikasikia anamwita mdogo wangu: "Hebu shika simu, mwambie kaka yako arudie, sijui kama nimesikia vizuri."

Mnaotunza wazee hapa DMV, yaani D.C., Maryland na Virginia, mzee anapolilia kwao mnafanyaje? Na ninyi ambao makaratasi yalishatoka na bado hamjaenda nyumbani, kinachowashika ni nini? Semeni, nipo nasoma.