Kiganja cha Ami Hatibu

Mvua ikinyesha haturuki, lakini kazi haiishi. Klabu yetu iko mbele ya Pongwe, kwenye kiwanja kidogo kilichoachwa na shamba la mkonge, na ndege zetu hazina injini. Winchi huzivuta kwa waya mrefu wa chuma mpaka zishike hewa, kisha rubani anauachia waya. Kwa hiyo siku ya mvua ni ya kuosha, kupaka grisi na kukagua waya. Kwa miaka kumi na tisa waya ulikuwa wa Ami Hatibu, mdogo wake baba.

Wengine hukagua kwa kitambaa, maana uzi wa waya uliokatika hukinasa. Ami alikidharau. "Kitambaa chadanganya," alisema. Aliupitisha waya kwenye kiganja kitupu, macho kayafumba, na penye uzi mmoja tu uliochomoza alisimama. Wanachama walileta wageni waje wamwone. Nami nilikuwa nikijishaua: huyo ni ami yangu.

Ijumaa moja ilinyesha tangu alfajiri, na bati la banda likavuja kila pembe. Kesho yake, kukitakata, ningeruka peke yangu kwa mara ya kwanza. Ami alitangulia na waya huku akiimba kasida kwa sauti ya chini, nami nikafuata nikiupaka mafuta kwa brashi. Brashi ikageuka nyekundu. Nikadhani kutu. Kisha nikaona matone sakafuni.

"Ami, mkono wako!"

Akafumbua macho, akakigeuza kiganja. Kilikuwa kimechanika toka kidole cha shahada hadi karibu na kifundo. Alikitazama kama mkono wa jirani. Nikarudi nyuma nikiangalia waya: mahali pamoja nyuzi tatu zilikuwa zimekatika, naye alizipita akiimba.

"Tangu lini husikii?"

"Tangu Ramadhani. Ni sukari hiyo, Sabra."

Tangu Ramadhani! Miezi minne tulikuwa tukivutwa angani kwa mkono uliokufa. Nilikasirika. Angekuwa mtu mwingine ningemtukana.

"Usimwambie Bertha," akasema. "Ntatumia kitambaa. Mwanangu, nikitolewa hapa n'na nini tena? Nikakae barazani niwatazame wapita njia?"

Bertha, msimamizi wetu wa usalama, akaingia koti likimchuruzika maji. Ami akautia mkono mfukoni.

"Shikamoo, mzee. Waya umepita?"

"Marahaba. Umepita."

Kisha akanitazama. Mfuko wa suruali yake ulikuwa ukilowa, na si kwa mvua. Nilimpenda, na nilimwogopa.

"Haujapita," nikasema. "Hata miezi yote hii haukupita. Mkono wake hausikii."

Bertha hakupiga kelele. Aliutoa ule mkono mfukoni taratibu, akaufunga kwa kitambaa cha kukagulia waya. Ami akachukua kikapu chake, akatoka na mvua ile ile kuelekea barabarani.

Niliruka wiki mbili baadaye, kwa waya mpya. Jioni yake nikaenda kwake Ngamiani kumwambia. Alikuwa barazani, kiganja kimeanza kufunga kwa kigaga cheusi.

"Shikamoo, Ami."

Akaendelea kutazama barabara.

Huu ni mwezi wa tano. Kila Ijumaa nakwenda, namwamkia, nangoja. Hajaniitikia.