Bomba la Watu wa Ziwani

Harufu ya saruji mbichi iliyolowa maji hunirudisha Mbinga mjini, msimu wa kuchuma kahawa, nikiwa darasa la pili. Wazazi wangu walikuwa wamepanda milima kutoka Liuli, ufukweni mwa ziwa, kuja kuuza usipa, dagaa wa kwetu, pamoja na jamaa wengine wa ziwani. Mji uliwapokea vizuri, nao kwa shukrani wakaujengea bomba la maji karibu na soko. Chini yake waliweka birika la saruji, lililopambwa kwa kokoto laini zilizoletwa kwa magunia kutoka ufukweni kwetu. Mama alizipanga mwenyewe, akinifokea kila nilipozigusa, na sijawahi kumwona na furaha ya namna ile.

Siku ya kufungua, baba alikabidhi bomba, makofi yakapigwa, kisha hakuna aliyechota. Kesho yake vilevile. Akina mama wa Kimatengo, wenyeji wa pale, walipita na ndoo zao, wakatusalimia kwa heshima zote, wakateremka mtoni kama kawaida. Sisi nasi hatukugusa, maana kwetu mtu haonji zawadi aliyoitoa kabla ya aliyepewa; huo ni ulafi. Jioni Mama alikaa jikoni akisugua sufuria iliyokwisha kutakata zamani. "Wanaona maji yetu yananuka samaki," alisema, machozi yakamtoka. Niliwachukia watu wa mji mzima, hata rafiki zangu.

Ndipo jirani yetu, Mama Kapinga, akabisha hodi na ndoo tupu.

"Mama Stela, mto umetuchosha. Mtakunywa lini yale maji?"

"Ni yenu, dada. Tunawasubiri ninyi."

"Jamani! Kwetu mpika pombe ndiye anayeonja kwanza, mgeni ajue ni salama. Sasa mimi nitatanguliaje?"

Mama alitoka mbio bila kandambili. Alikinga viganja, akanywa kwa pupa mpaka akapaliwa, Mama Kapinga akimpiga mgongoni huku wote wawili wakicheka. Jua lilipokuchwa foleni ilikuwa imefika barabarani.

Siku hizi maji yameingia majumbani. Birika limepasuka, na kokoto nyingi zimeng'olewa na watoto; niliumia kuliona hivyo nilipokuja kumuuguza Mama, ambaye sasa hainuki kitandani. Bomba lenyewe bado linatoa maji. Kila asubuhi Mama Kapinga, akijikongoja na fimbo yake, hutuletea kidumu kutoka pale, ingawa tuna bomba uani. Humimina kikombe, akanywa funda moja mbele ya Mama, kisha humshika kichwa taratibu na kumnywesha.