Kioo Kilichopinduliwa

Kwa miaka ishirini na sita maabara nzima ilimwita Mzee Jicho. Ndiye aliyefundisha vijana kwamba hadubini ya mwanga yatosha kuona vimelea vya malaria, ila virusi, kwa udogo wao, vyataka hadubini ya elektroni. Sasa mtoto wa jicho alimziba macho yote mawili. Mzee aliificha hali hiyo, asije akafukuzwa, akawa anaandika majibu kwa kukisia.

Mkuu wa maabara, mwanafunzi wake wa zamani, akanusa. Asubuhi moja aliweka kioo kilichopakwa damu ya mgonjwa kwenye hadubini, akakipindua upande wa damu ukawa chini. Hapo hata mwenye macho mazima haoni ila ukungu.

"Hebu tusaidie, mzee. Vimelea vipo?"

Mzee aliinama, akazungusha kirungu cha kurekebishia hadubini taratibu. Ukungu ulikuwa uleule wa kila siku.

"Vipo, mwanangu. Vichache."

Wenzake wakaangua kicheko. "Umeviona kupitia mgongo wa kioo, mzee?"

Mkuu hakucheka. Alimpa barua yenye muhuri wa jana.

"Soma."

Mzee aliisogeza puani, akaitoa, akaisogeza tena. Mwishowe akamrudishia.

"Nisomee, mwanangu."

Mkuu akasimama, akamsomea barua ya kumwachisha kazi kwa sauti, neno kwa neno, mpaka tarehe ya jana.